Mkono wa Mama Mashudu

Mahindi ndiyo hukaguliwa kwanza. Kabla mchukuzi hajashusha gunia, Mama Mashudu hulifungua mdomo, akatumbukiza mkono hadi kiwiko na kuuacha humo kwa muda. Mahindi makavu ni ya baridi na huteleza kwenye vidole. Yaliyofungwa mabichi yana vuguvugu, na mkono ukitoka huja na harufu ya ghala lililovuja. Kisha huchukua chupa ya kioo, akatia konzi mbili za punje na kijiko cha chumvi iliyokaushwa, akafunga na kutikisa. Chumvi ikishuka yote chini, gunia linaingia ndani. Ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji mengi, na mwenye gunia anaambiwa kwa upole ayarudishe juani. Sijamwona mtu akibishana na ile chupa.

Duka lake liko pembezoni mwa Morogoro: chumba kimoja chenye sakafu ya saruji, mizani mbili, makoleo, na mbao zilizopangwa chini ili gunia lisiguse sakafu. Wateja wake ni wafugaji wa kuku wa mayai, wengi wao wa kuku mia mbili au mia tatu nyuma ya nyumba. Jina la Mama Mashudu walimpa wao, naye analiitikia.

Ukali wake juu ya mahindi una sababu. Penye unyevu na joto huota kuvu aina ya Aspergillus flavus, na kuvu hiyo hutoa sumukuvu ambayo haionekani, haina ladha, wala haiondoki kwa kuchemsha. Dunia iliijua kupitia ndege wa kufugwa. Mwaka 1960 nchini Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000, na uchunguzi ukafika kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumu hiyohiyo yaliua watu 125. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 tu kwa kilo. Kuku akiila sumu hiyo kidogokidogo haanguki papo hapo. Ini huharibika, mayai hupungua, na kinga hulegea hata chanjo ya kideri isimshike vizuri, mfugaji akabaki akiilaumu chanjo. Ndiyo maana ile desturi ya nyumbani, kwamba mahindi yaliyooza tusile sisi, tuwape kuku, Mama Mashudu haitaki hata kuisikia.

Baada ya mahindi huja dagaa wa Mwanza. Hawa ndio kiungo cha ghali kuliko vyote sakafuni, na penye ghali wajanja hawakosi. Hutwaa kiganja kimoja, akakitia kwenye glasi ya maji na kukoroga. Dagaa huelea au hubaki kati, mchanga hutua. Hupima kwa jicho ule utando wa kijivu ulio chini, kisha hutaja bei anayoona inastahili, na bei hiyo hushuka kadiri mchanga unavyopanda. Soya huitafuna. Punje iliyokaangwa sawasawa ina ladha ya karanga. Iliyokaangwa juujuu bado ina ubichi wa maharage, na soya mbichi ina kizuizi kinachomzuia kuku kusaga protini tumboni. Mashudu ya alizeti huyafikicha akitazama wingi wa maganda. Mashudu ya pamba anayo, lakini yamewekwa upande wa pili wa chumba, kwa ajili ya ng'ombe. Yana gosipoli, na kuku wa mayai akiyala kwa wingi, kiini cha yai lililokaa siku kadhaa hugeuka rangi ya zaituni. Yai la namna hiyo mteja halirudii.

Chokaa nayo ina kipimo chake, na kipimo chenyewe ni limau. Hudondosha matone mawili juu ya unga mweupe na kusikiliza. Chokaa ya mifugo huchemka na kutoa povu. Ile ya kupaka ukutani hukaa kimya au hufurukuta kidogo tu, nayo huunguza utumbo. Yeye hununua ya aina mbili: laini kama unga, na ya chengachenga. Sababu ya chengachenga ni mwenendo wa kuku mwenyewe. Gamba la yai hujengwa kwa muda wa saa 20 hivi, sehemu kubwa usiku, kuku akiwa amelala na hali kitu. Unga wa chokaa hupita haraka, lakini chenga hubaki kwenye firigisi zikiyeyuka polepole hadi alfajiri. Yai moja huchukua takriban gramu 2 za kalisi. Zikikosekana tumboni, kuku huzichota kwenye mifupa yake, na akiendelea hivyo siku moja atalala kwenye maranda asiinuke.

Sasa hesabu. Huifanya kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha boksi, akichora mraba. Kushoto juu anaandika 9, ambayo ni protini ya mahindi na pumba kwa asilimia. Kushoto chini 40, ya dagaa, soya na alizeti vikiwekwa pamoja. Katikati huandikwa lengo. Kuku wa mayai anahitaji asilimia 17, na hapo ndipo wafugaji wengi wanaojichanganyia hukosea, kwa kuwa huandika 17 na kuendelea. Mama Mashudu anaandika 19. Katika kilo 100, kilo 10 zitakuwa chokaa, mifupa, chumvi na premiksi, ambavyo havina protini ya kuhesabika, kwa hiyo kilo 90 zilizobaki zibebe protini ya kilo 100 nzima. Anatoa kwa mshazari: 40 toa 19 ni 21, 19 toa 9 ni 10. Sehemu 21 za nafaka kwa sehemu 10 za protini. Katika kilo 90 hiyo ni kilo 61 na kilo 29.

Kijana wake hupima bila kuambiwa mara ya pili. Mahindi yaliyoparazwa kilo 50, pumba 11, dagaa 10, soya 10, alizeti 9. Chokaa kilo nane na nusu. Mifupa iliyochomwa na kusagwa kilo moja, kwa ajili ya fosforasi, maana fosforasi nyingi iliyomo kwenye nafaka imefungwa na kuku hana uwezo mkubwa wa kuifungua. Vyote hivi hupimwa kwenye mizani kubwa. Mizani ndogo, ile ya gramu, Mama Mashudu haimpi mtu mwingine. Juu yake hupima chumvi gramu 250 na premiksi gramu 250.

Premiksi ni unga mchache wenye vitamini na madini ya chembechembe. Hukaa kwenye ndoo yenye mfuniko, kivulini, kwa sababu joto na mwanga huzila vitamini, na mfuko uliokwisha kufunguliwa hautunzwi muda mrefu. Kifaranga aliyekosa vitamini B2 hukunja vidole vya miguu na kutembelea visigino. Aliyekosa D hulegea mifupa hata kama amezungukwa na chokaa. Na elimu hii nayo ilitoka bandani. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Batavia, ambayo leo ni Jakarta, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku wake wakipepesuka na kupooza walipolishwa wali mweupe uliobaki katika hospitali ya jeshi. Mpishi mpya alikataa kuku wa kiraia kula wali wa jeshi, wakarudi kwenye mchele usiokobolewa, wakapona. Eijkman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Pumba ile ambayo mashine ya mchele inaitupa pembeni ndiyo iliyokuwa na dawa.

Kuku mmoja hula gramu 120 hivi kwa siku. Katika gramu hizo, premiksi haifiki hata theluthi ya gramu moja. Kazi yote ya asubuhi hii ni kuhakikisha kuku wa kwanza kufika kwenye kihori na yule mnyonge wa mwisho wanapata kiasi hichohicho. Ukimwaga gramu 250 juu ya rundo la kilo 100 ukakoroga, zitakaa mahali pamoja. Kuku kumi watapata chumvi ya kuwasumbua, mia moja hawatapata kitu.

Kwa hiyo Mama Mashudu huketi kwenye kigoda na beseni la plastiki. Premiksi na chumvi, nusu kilo. Anaongeza nusu kilo ya pumba laini, anaisugua baina ya viganja, anainua juu na kuiachia ianguke, mpaka weupe upotee. Sasa ana kilo moja. Anaongeza kilo moja ya pumba na kurudia. Zimekuwa mbili, anaongeza mbili. Zimekuwa nne, anaongeza nne. Kila mara huongeza kiasi kilekile kilichomo ndani ya beseni, wala haruki hatua hata mteja akiwa amesimama mlangoni na bajaji inanguruma. Niliwahi kumwuliza kama hachoki. Alinijibu kuwa mkono ukichoka ndipo unapoanza kudanganya, basi yeye huupumzisha kabla.

Sakafuni vitu vimekwisha kutandazwa kwa tabaka, kikubwa chini, kidogo juu. Kilo nane za beseni hunyunyizwa juu ya uwanda wote, si katikati tu. Kisha makoleo mawili, mama na kijana wakitazamana. Kila koleo huinuliwa na kumwagwa juu kabisa ya kilele cha rundo jipya, ili mchanganyiko uporomoke pande zote sawasawa. Rundo likihamia kulia, linarudishwa kushoto, halafu kulia tena. Ukitazama utaona makoleo hayagongani na hakuna anayehesabu kwa sauti. Mwishoni hufagia kingo kwa ufagio wa njukuti, maana chokaa hupenda kujificha pale.

Halafu hukagua kazi yake mwenyewe. Huchota kiganja kileleni, kingine kiunoni, kingine chini kabisa, akavitandaza kwenye sinia jeusi kando kwa kando. Anatafuta madoa ya chokaa na vipande vya dagaa vilivyoenea kwa wingi ule ule kwenye mafungu yote matatu. Siku niliyokuwapo fungu la chini lilikuwa na chenga nyingi kidogo. Hakusema neno. Alichukua koleo, wakaligeuza rundo zima mara nyingine.

Kijana mmoja mfugaji alikuwa akisubiri. "Mama, nitilie na ile poda ya njano, watage zaidi."

"Wanaumwa?"

"Hapana, mama."

"Basi dawa ya nini, mwanangu?"

Poda ya njano ni antibayotiki. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuzitia kwenye chakula ili kukuzia mifugo tangu tarehe 1 Januari 2006, kwa kuhofia vijidudu sugu vinavyohamia kwa binadamu. Mama Mashudu ana sababu nyingine ya karibu zaidi: aina ile ya dawa hushikana na kalisi, na chakula cha kuku wa mayai kimejaa kalisi, kwa hiyo sehemu kubwa huishia kwenye mbolea. Kijana aliondoka na mifuko yake bila poda.

Kila mfuko huandikwa kwa kalamu nene: WA MAYAI. Si urembo. Matetea ambao hawajaanza kutaga wakipewa chokaa ya kiwango hiki, figo zao huharibika. Vilevile chakula cha nguruwe kinachoongezwa shaba humwua kondoo, ingawa nguruwe mwenyewe hunenepa. Kwake mfuko usio na jina hautoki dukani.

Wewe unayejichanganyia nyumbani, kabla hujanunua premiksi nyingine, nunua kwanza mizani ya gramu, na chakula ukishakichanganya kiweke juu ya mbao, mbali na ukuta, kiishe ndani ya mwezi mmoja.