Moto Mmoja, Njia Mbili: Uhakiki wa Ishara ya Moto katika Maandiko Matakatifu

Ni rahisi kuifasiri ishara ya moto katika Maandiko kwa mkato: hapa moto ni uwepo wa Mungu, pale ni adhabu yake. Makala hii inaupinga mgawanyo huo. Inashikilia kwamba moto wa uwepo na moto wa hukumu ni moto mmoja, na kwamba swali la msingi ni nani mwenye amri juu yake.

Ushahidi wa kwanza umo katika lugha yenyewe. Kiebrania, kama Kiswahili, husema kuwa moto hula, na kitenzi *akal*, yaani kula, ndicho kinachoyaunganisha masimulizi haya. Katika Kutoka 3:2 kijiti kinawaka lakini hakiliwi. Katika Walawi 9:24 moto unatoka mbele za Bwana na kuila sadaka, nao watu wanapaza sauti na kuanguka kifudifudi. Aya mbili baadaye, moto unatoka tena na kuwala Nadabu na Abihu, wana wa Haruni, waliofukiza uvumba kwa moto ambao hawakuagizwa. Maneno ya Kiebrania yanayoeleza kutoka na kula kwa moto huo ni yale yale katika aya zote mbili. Matini haitofautishi moto wa baraka na moto wa laana. Inatofautisha namna mbili za kuukaribia moto mmoja. Mfasiri anayetumia kitenzi tofauti kila mahali humnyima msomaji hoja hii.

Masimulizi ya Eliya yanaitia hoja hii katika mizani. Sharti la shindano la Karmeli ni kwamba pande zote mbili zisitie moto chini ya sadaka (1 Wafalme 18:23). Moto unaposhuka, unakula hata mawe na mavumbi. Hata hivyo, katika sura inayofuata, huko Horebu, Bwana hayumo katika moto. Hivyo ishara haimfungi anayeonyeshwa nayo. Inaweza kudaiwa kwamba katika 2 Wafalme 1 nabii mwenyewe anauita moto uwale maofisa na askari wao. Ni kweli, lakini hata hapo hauwashi, na amri haimo mkononi mwake. Yakobo na Yohana wanapotaka kukiteketeza kijiji cha Wasamaria kwa moto kutoka mbinguni, wanakemewa (Luka 9:54-55).

Kurani nayo inaukaribia msimamo huo kwa njia yake. Katika Sura ya Al-Anbiyaa, aya ya 69, moto uliowashwa na watu ili kumteketeza Ibrahimu unaamriwa na Mungu uwe baridi na salama kwake. Waliouwasha hawaumiliki.

Ufasiri huu hauwahusu wanafasihi peke yao. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi lililohubiri mwisho wa dunia waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, na polisi wakalichukulia tukio hilo kuwa mauaji. Penye mahubiri ya moto wa mwisho, msikilizaji anahitaji kipimo cha kutenganisha hukumu ya Mungu na kitendo cha binadamu. Masimulizi haya yanakitoa: ndani yake moto wa hukumu haukabidhiwi binadamu auwashe.

Kwa hiyo, wanaoandaa mitaala ya dini na ya fasihi wasitosheke na orodha za ishara na maana zake. Mwanafunzi aongozwe kuuliza, katika kila simulizi, nani ameuwasha moto, kwa amri ya nani, na nani ameachwa bila kuliwa. Anayezoea maswali hayo atakuwa na jibu siku atakapoletewa kiberiti kwa jina la Mungu.