Bakuli na Bahari

Mwaka 1958, kampuni ya Kifaransa ya Pechiney ilimwagiza Alain Resnais atengeneze filamu ya kuitangaza plastiki. Kilichozaliwa ni Le Chant du styrène, filamu fupi ya rangi ambayo maelezo yake yametungwa kwa ushairi na Raymond Queneau. Jina lenyewe lina mzaha. Kwa sikio la Mfaransa, wimbo wa staireni, kemikali inayozaa plastiki, unakaribiana mno na wimbo wa wale viumbe wa baharini wa ngano za Kiyunani, waliowaimbia mabaharia hadi wakawaangamiza. Onyo limefichwa ndani ya sifa.

Yeyote anayepanga filamu fupi ya majaribio kuhusu athari za mwanadamu kwa maumbile ana la kujifunza hapa. Aghalabu mipango ya filamu za namna hiyo huanza na hukumu: msitu uliofyekwa, moshi, samaki waliokufa, na sauti ya huzuni ikihubiri. Mtazamaji hukubali kila neno, kisha akaondoka kama alivyokuja. Resnais hakuhubiri. Alichukua bakuli la plastiki, akalirudisha kinyumenyume: kwenye kalibu, kwenye chembechembe, kwenye mabomba na matangi ya kiwanda, hadi kwenye mafuta na makaa ya mawe, ambayo asili yake inabaki kuwa swali. Mpangilio huo ndio hoja ya filamu. Chombo kilichodhaniwa hakina ukoo kinadhihirika kuwa ni mjukuu wa maumbile, na anayelia ndani yake hawezi tena kudai kuwa hahusiki.

Fani nayo inatumikia maudhui. Queneau alitumia aleksandrini, mshororo wa silabi 12 unaokatwa katikati, 6 kwa 6. Msomaji aliyelelewa na shairi la mizani 16, 8 kwa 8, ataitambua mara moja heshima ya umbo hilo. Ndilo umbo la tanzia za Racine, zenye wafalme na malkia. Kulivisha bakuli joho hilo kunazaa kejeli pasipo neno moja la kejeli. Godfrey Reggio, katika filamu yake ndefu Koyaanisqatsi ya mwaka 1982, alipita njia nyingine: aliondoa masimulizi yote, akaacha picha na muziki wa Philip Glass. Ukubwa wa kazi hiyo haukanushiki. Hata hivyo, jina lake la Kihopi, lenye maana ya maisha yaliyopoteza mizani, tayari ni hukumu. Resnais anaacha shaka, na shaka huandamana na mtazamaji hadi nyumbani.

Walakini upo upungufu. Filamu inauliza bakuli limetoka wapi, haiulizi linakwenda wapi. Nusu hiyo iliyobaki watu wa pwani wanaijua. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya mwaka 2017, Tanzania Bara mwaka 2019. Mapema mwaka huo wa 2019, jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, lilisafiri hadi Unguja. Mpangaji wa filamu atavutwa kumalizia na jahazi hilo, maadam linatia matumaini. Huo utakuwa mtego, kwani jahazi moja hubeba ushahidi. Taka hubaki ufukweni.

Afadhali aanzie ufukweni, kwa kandambili moja iliyotupwa na maji kupwa, kisha airudishe nyuma kama alivyofanya Resnais: kwenye mguu ulioivaa, duka lililoiuza, kiwanda, kisima cha mafuta. Mguu huo usikatwe katika uhariri. Viwanda vya Resnais vina watu wachache mno, na pasipo mtu, lawama huangukia mashine. Mguu ukibaki, mtazamaji ataangalia chini, kwenye miguu yake mwenyewe.