Kufuma na Kufumua

Kiswahili kimeziweka katika shina moja kazi mbili ambazo fundi wa uzi huzifanya kwa mkono uleule: kufuma, yaani kuunganisha uzi hadi ukawa kitambaa, na kufumua, yaani kukirudisha kitambaa hicho kuwa uzi. Irabu moja tu ndiyo inayozitenga, kama ilivyo kwa funga na fungua au ziba na zibua, na msemaji wa lugha hii huelewa bila kufundishwa kwamba kinachofumwa vizuri ni kile kinachoweza pia kufumuliwa. Ufundi wa kroshia, yaani ufumaji wa sindano moja fupi yenye kulabu nchani, huitii jozi hii ya vitenzi kwa ukamilifu, ingawa leo jina lake huwakumbusha wengi vitambaa vya makochi tu, vile vyeupe vilivyokuwa heshima ya sebule za Tanzania na Kenya, vikafuliwa, vikatiwa wanga na kutandikwa upya kabla ya wageni wa sikukuu kubisha hodi.

Mfumaji wa sweta kwa sindano mbili huwa na safu nzima ya vitanzi vilivyo wazi, na kimoja kikichopoka huvuta vya chini yake. Mfumaji wa kroshia ana kitanzi kimoja tu kilicho hai, kile kilichokaa katika kulabu, na vingine vyote vimekwisha kufungwa nyuma yake. Kwa sababu hiyo anaweza kugeuza kazi popote, kubadili rangi katikati ya safu, kuanza duara na kumaliza pembe nne, au kuvuta uzi na kurudi alikotoka bila hasara yoyote isipokuwa ya muda, na muda katika kazi hii haukuwa ukihesabiwa kwa ubahili.

Uhuru huo ndio uliokipa thamani kikapu cha masalio. Kila kazi huacha bonge dogo lisilotosha kazi nyingine: nusu kiganja ya uzi wa kofia ya mtoto mchanga, uzi wa pambizo ya kitambaa cha meza, buluu iliyobaki baada ya shali. Fundi wa zamani hakulitupa bonge hilo wala hakulitumia kwa kubahatisha. Alifumua mzunguko mmoja wa kazi iliyokuwapo, akaupima kwa shibiri, ambayo ni upana wa kiganja kilichotanuliwa kutoka gumba hadi kidole cha mwisho, au kwa dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, kisha akalipima bonge kwa kipimo hichohicho na kujua litafika wapi. Mraba wa masalio, ule unaoanzia katikati na kukua kwa mizunguko ya rangi mbalimbali, hupangwa kwa hesabu hiyo: mzunguko wa ndani hula uzi kidogo, wa nje hula mwingi, kwa hiyo kipande kifupi kabisa hukaa moyoni na kirefu hukaa ukingoni. Mtazamaji husifu jicho la fundi kwa kuiweka nyekundu katikati ya kijivu, asijue kwamba nyekundu imekaa pale kwa kuwa haikufika mbali zaidi. Mraba wenyewe una umri wake, maana Prairie Farmer, gazeti la wakulima la Marekani, lilichapisha maelezo ya kuufuma kwa vipande vya uzi mwaka 1885. Lakini hesabu ya shibiri haihitaji gazeti.

Masalio hulazimisha majaribio, na majaribio huzaa makosa. Uzi mnene ukifuatwa na mwembamba, kitambaa huvutwa na kujikunja kama bakuli. Vitanzi vikiongezwa kupita kiasi katika kila mzunguko, ukingo hupanda mawimbi na kukataa kulala juu ya meza. Wasichana wengi walikemewa kwa kitambaa cha aina hiyo wakaambiwa wakifumue. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell, alilifuma kosa hilohilo kwa makusudi, akiongeza vitanzi kwa uwiano usiobadilika, ili wanafunzi waushike kwa mikono uso wa hipaboliki, yaani uso ambao kila unapotanuka huongezeka haraka kuliko bapa la kawaida. Vielelezo vya karatasi vilivyotumika kabla ya hapo vilikuwa vikichanika.

Pwani ya Afrika Mashariki ilijua thamani ya kufumua zamani kabla kroshia haijafika. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza kwamba Waislamu wa Sofala walifuma pamba yao nyeupe na, kwa kukosa ujuzi wa kutia rangi, walivifumua vitambaa vya rangi vilivyotoka Cambay nchini India, kisha wakazifuma upya nyuzi zake pamoja na zile nyeupe. Baadaye sana, huko bara katika milima ya Kenya, sweta kuukuu liligeuka vivyo hivyo kuwa uzi wa kiondo, yaani kikapu cha kufumwa kwa mkono.

Sweta la kufumuliwa lilikuwa na taratibu zake. Mshono wa ubavuni ulitafutwa na kukatwa kwa uangalifu, uzi ukavutwa na kuzungushwa kwenye mgongo wa kiti, ukaloweshwa na kuanikwa ukiwa na kitu kizito chini yake ili mikunjo inyooke. Sweta nyingi zinazojaa leo katika marobota ya mitumba hazikubali kazi hiyo. Zimekatwa kwa mkasi kutoka kitambaa kikubwa kilichofumwa na mashine, kingo zikapigwa overloki, na anayezifumua hupata vipande vifupi, kimoja kwa kila safu, visivyofaa hata mzunguko wa tatu wa mraba. Ni nguo zenye kufumwa bila kufumuliwa, na anayezinunua kwa bei ya soda mbili hana sababu ya kulilalamikia jambo hilo, wala pengine hajaligundua.

Shuka la miraba lililobaki katika sanduku la bibi fulani bado lingeweza kurudi kuwa kikapu cha masalio, kila rangi kwa urefu wake wa kwanza, ile ya mwisho ikitangulia. Kinachotakiwa ni kuipata ncha ya mwisho ya uzi, ambayo mfumaji mwema huipitisha chini ya vitanzi mara kadhaa hadi isionekane. Aliyeificha aliijua ilipo. Waliorithi shuka huligeuza huku na huku, huvuta hapa na pale bila mafanikio, kisha hulikata kwa mkasi likawa matambara ya kupangusia gari.