"Ukabila" Si "Umasai"

Watafsiri wetu, wanapokutana na maandishi ya kigeni yaelezayo jinsi Wamasai walivyopata kujiona kuwa watu wamoja, hupenda kuandika "ukabila wa Wamasai". Hatuna budi kulikataa neno hilo. Msomaji wa Kiswahili aonapo "ukabila" haelewi hali ya kuwa wa kabila fulani. Aelewa upendeleo, jambo lililokemewa majukwaani tangu Uhuru. Hivyo mwandishi aliyekusudia kueleza historia hugeuzwa kuwa mshitaki.

Wengine huandika "Umasai". Neno lenyewe ni zuri, ila kiambishi u- hubeba mizigo miwili, hali na nchi. Mwalimu wa Mbebe, wilayani Ileje, akitaja Ulambya, wanafunzi watafikiria nchi, tena nchi iliyokatwa na mpaka wa mto Songwe, upande huu Tanzania na ule Malawi.

Lakini kosa kubwa zaidi limo katika "kabila" lenyewe, tunapolifasili kuwa ni watu wa asili moja, lugha moja na desturi moja. Waarusha wa Mlima Meru husema Kimaa, nao ni wakulima wa migomba. Waparakuyo ni wafugaji wa lugha hiyo hiyo, na katika karne ya 19 walipigana vita vikali na Wamasai. Waswahili wa pwani waliwaita Wakwavi. Ludwig Krapf akalitia jina hilo katika msamiati wake wa mwaka 1854, na watafsiri wangali wakilinakili kana kwamba wenyewe ndivyo walivyojiita. Kisha sheria ya mwaka 1926 ya serikali za wenyeji ikawapanga watu wa Tanganyika kwa makabila. Jina lililokuwa la lugha na mifugo likawa pia jina la wilaya, lenye mpaka na bwana shauri wake.

Kwa hiyo twapendekeza "utambulisho wa Kimasai" kwa hali, "Umasaini" kwa nchi, na "wasemaji wa Kimaa" kwa wote washirikianao lugha. Wapo watakaonung'unika kwamba "utambulisho" ni neno la barua ya mtendaji wa kijiji. Ni kweli, wala hatuoni dosari: barua hiyo nayo hueleza mtu ni nani na atoka wapi. "Wakwavi" libaki ndani ya alama za kunukuu, na kando yake liandikwe jina ambalo watu hao hujiita.