Umbali katika Picha za Serengeti

Atokaye Tarime kwenda Mugumu huanza safari yake katika nchi ya vilima vya kijani, kisha huteremka mpaka Mto Mara. Akivuka, nchi humfungukia. Huko asubuhi ataona jambo ambalo wachoraji wetu wengi wamelipuuza. Mgunga ulio karibu una weusi uliokolea. Ule wa pili una rangi ya majivu. Na kilima kilicho nyuma yao kimekuwa samawati hafifu, chakaribia kuungana na mbingu. Hewa na vumbi ndivyo vifanyavyo kazi hiyo.

Sasa na tutazame picha za Serengeti wauziwazo watalii. Jua ni jekundu, mgunga ni mweusi, na nyasi ni manjano ile ile tangu ukingo wa chini wa picha hadi upeo wa macho. Nyumbu wa nyuma amechorwa mdogo lakini hakufifishwa. Basi haonekani kuwa yu mbali, bali kuwa ni ndama wa yule wa mbele.

Kosa hili husingiziwa Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Si haki. Yeye alichora kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, na mnyama wake aliujaza ubao. Hakuahidi umbali, wala hakudaiwa. Hali kadhalika ngao za Wamasai zilizochorwa katika miamba ya Moru, ndani ya Hifadhi ya Serengeti, kwa nyekundu, nyeupe na nyeusi: hazina upeo wa macho na hazipungukiwi kitu. Lakini achoraye mbuga amejitwika deni jingine.

Wala tusiilaumu rangi ya kopo. Samawati moja ikichanganywa na nyeupe kidogo kidogo hutoa ngazi tano au sita za mwanga, nazo zatosha kuipeleka mbuga hadi mwisho wake. Weusi mkali na weupe mkali na viwekwe pale tu mchoraji atakapo jicho litue. Katika picha nyingi nilizoziona kila kitu chapiga kelele, na jicho hukosa kituo.

Nilimwonyesha picha ya namna hiyo mzee mmoja wa Mugumu, mfugaji tangu utotoni. Aliishika kitambo, akaigeuza kuelekea dirishani, akaniuliza ni nchi gani. Nilipomwambia ni Serengeti alitikisa kichwa. “Mwanangu,” alisema, “hapa ng’ombe hawezi kupotea.”