Nani Amemhamisha Nani? Mtenda na Haki ya Wanavijiji katika Habari za Redio

Mwandishi wa habari wa redio anayewatetea maskini wa vijijini hupimwa kwa ujasiri: amefika wapi, amemhoji nani, amemkasirisha nani. Kipimo hicho hakitoshi. Sentensi ya redio husikika mara moja tu na kupita. Hivyo, haki ya anayesimuliwa huanzia kwenye kitenzi.

Korogwe inatoa mfano wa awali. Katika mashamba ya mkonge ya enzi ya ukoloni, vibarua waliotolewa mikoa ya mbali waliitwa manamba, kutokana na namba walizopewa. Istilahi hiyo ilifuta jina la mfanyakazi, ikamficha pia aliyemwandikisha. Mnamo Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, kauli ilikuwa kali, lakini ilikuwa na mwenyewe.

Habari za Msomera, wilayani Handeni, zina sura nyingine. Tangu Juni 2022 wakazi wa Ngorongoro wamepelekwa huko, na serikali imeeleza kuwa wanahama kwa hiari. Kitenzi hama humfanya mwanakijiji kuwa mtenda. Hamishwa humfanya mtendwa, na humwachia msikilizaji swali: na nani? Aidha, hama peke yake chatosha kulieleza tendo. Kielezi kwa hiari kinaporudiwarudiwa, huashiria kuwa hiari yenyewe inabishaniwa. Ndivyo ilivyo: ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2024 ilipinga dai hilo. Kirai kama eneo lililotengwa huficha zaidi: aliyetenga hatajwi, wala mwenyeji wa Msomera aliyekuwapo kabla ya wageni.

Hata hivyo, kubadili hama kuwa hamishwa katika kila taarifa si suluhisho. Anayesema ameondoka kwa ridhaa yake akiitwa mtendwa, naye amenyang'anywa kauli. Wajibu wa mwandishi ni kumpa kila mzungumzaji kitenzi chake: serikali inasema wamehama, huyu anasema amehamishwa, yule anasema amehama, mwenyeji anasema amepokonywa. Sauti hizo zikisikika bega kwa bega, msikilizaji atajua swali la kumuuliza mwenye mamlaka. Mtangazaji anayeziyeyusha zote katika kitenzi kimoja, hata akiwa na huruma nyingi, amekwisha kutoa hukumu kabla ya shahidi kusema.