Sifa ya Kufungua Mlango

Ukimsikia mwanasiasa jukwaani hapa Mosocho akijisifu kwamba wao ndio waliotufungulia intaneti, ewe msomaji, usimbishie upesi wala usimsadiki upesi. Mwaka 1995 Shirika la Posta na Simu, lililokuwa mali ya serikali, lilitangaza kwamba kuzitumia nyaya zake kwa kazi hiyo hakukuwa na idhini. Sheria ya mwaka 1998 ikaligawa shirika hilo. Lakini Telkom, mrithi wake, ikaachiwa peke yake njia ya ng'ambo hadi 2004. Kisha, Juni 2009, Rais Kibaki akauzindua Mombasa waya wa TEAMS upitao chini ya bahari. Sifa wanayo, naam. Ila ni sifa ya mtu afunguaye mlango alioukomea mwenyewe. Tena waya ule uliishia pwani. Kutoka hapo hadi milima ya Kisii ilibaki kazi ya wachimba mitaro, nao sijasikia wakitajwa jukwaani.